Nani Huadhimisha? Uchunguzi wa Kitenzi "Adhimisha" na Vitenzi Jirani Vyake

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza maana na matumizi ya kitenzi adhimisha, hususan pale kinapotumiwa kwa maana ya kuendesha ibada au sherehe. Swali linalotuongoza ni jepesi kuliuliza: je, mtendaji wa kitenzi hiki ni nani? Ni yule anayesimama mbele, au ni wote waliokusanyika?

Data ya swali hili haiko mbali. Mjini Tala, katika Kaunti ya Machakos, juma moja linatosha kumpa msikilizaji makini vitenzi vya kumshughulisha mwezi mzima. Katika kanisa la Kikatoliki hutangazwa kuwa padre ataadhimisha misa ya pili. Waumini wa Africa Inland Church huelezwa ni nani atakayeongoza ibada. Waislamu wanaposimama safu kwa swala ya Ijumaa, imamu huwaswalisha. Jumamosi kwenye mahema ya harusi, mchungaji hufungisha ndoa, kisha mfawidhi huchukua kipaza sauti na kuendesha sherehe (wenzetu wa Tanzania wangemwita mshereheshaji). Vitenzi ni vingi, na kila kimoja kina namna yake ya kugawa kazi kati ya mwenye kuongoza na wenye kuongozwa. Wengi wetu huvitumia kana kwamba ni visawe. Nitajaribu kuonyesha kuwa sivyo, na kwamba anayevichanganya huenda anatoa tamko juu ya mamlaka pasipo kujua.

Uundaji wa kitenzi

Adhimisha kimetokana na kivumishi adhimu, chenye asili ya Kiarabu, ambacho maana yake ni -kuu, -enye hadhi. Katika ukoo huo huo tunapata nomino adhama na taadhima, na hata muadhamu, neno linalotangulia majina ya wakuu wa dola na wa Kanisa. Kiswahili kilichukua kivumishi hicho kikakiongezea kiambishi cha kusababisha -ish-, kama kilivyofanya kwa safi tukapata safisha, sahihi tukapata sahihisha, imara tukapata imarisha, na halali tukapata halalisha. Vitenzi vya kundi hili vina tabia moja. Humchukua mtendwa na kumpa sifa inayotajwa na kivumishi. Anayesafisha chumba hukifanya kiwe safi, na anayeadhimisha siku huifanya iwe adhimu.

Hapa pana jambo ambalo huenda likapuuzwa kwa sababu ya udogo wake. Kiambishi hicho hicho, kinapoambatishwa kwenye kitenzi, hufanya kazi tofauti. Swali huzaa swalisha, apa huzaa apisha, funga (ndoa) huzaa fungisha. Katika vitenzi hivi wapo watendaji wawili: anayesababisha na anayetenda. Imamu anaposwalisha, wanaoswali ni watu, naye huwawezesha na kuwatangulia. Jaji anapoapisha, anayeapa ni mwingine. Kwa hiyo vitenzi vya aina ya swalisha vina nafasi ya mwenye mamlaka iliyojengwa ndani ya sarufi yake. Huwezi kuswalisha pasipo maamuma, wala kuapisha pasipo wa kuapishwa. Adhimisha hakina nafasi hiyo. Kinadai mtendaji na kitu kinachokuzwa, basi. Mtendaji anaweza kuwa mtu mmoja, kijiji, au taifa zima, na hakuna sharti la cheo.

Ushahidi wenye nguvu upo katika Biblia ya Union Version iliyochapishwa mwaka 1952. Katika Luka 1:46, pale Maria anapoanza utenzi wake nyumbani kwa Elisabeti, kitenzi alichopewa na wafasiri ni hiki hiki cha kuadhimisha, Bwana akiwa mtendwa. Anayeadhimisha hapo ni msichana wa Nazareti asiye na cheo chochote hekaluni. Wafasiri hawakuona ajabu, na kisarufi hapakuwa na ajabu.

Vyombo vya habari navyo, katika habari za sikukuu za kitaifa, huonyesha hisia hiyo hiyo ya lugha. Tarehe 1 Juni, 20 Oktoba na 12 Desemba, Wakenya huadhimisha Siku ya Madaraka, ya Mashujaa na ya Jamhuri. Rais huongoza maadhimisho, au huongoza taifa kuadhimisha. Kuongoza kumeachiwa kiongozi na kuadhimisha kukaachiwa umma. Tangu mwaka 2022, baada ya uamuzi wa UNESCO wa Novemba 2021, sisi wanafunzi wa Kiswahili huadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kila tarehe 7 Julai, na sijasikia mtu akiuliza kama tuna leseni ya kufanya hivyo.

Vitenzi vyenye mwenye mamlaka

Kabla ya kurejea kanisani, inafaa tutazame vitenzi jirani, kwa kuwa tofauti huonekana vizuri penye mgogoro.

Tuchukue apisha. Kwa mujibu wa Kifungu cha 141 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Rais mteule huapishwa hadharani, mbele ya Jaji Mkuu. Tarehe 30 Januari 2018, katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi, Raila Odinga alikula kiapo kama "Rais wa Wananchi". Magazeti na mabaraza ya mazungumzo yakajikuta yakihitaji kitenzi. Waliosema "aliapa" walitaja tendo la mtu na kinywa chake tu. Waliosema "aliapishwa" walilazimika kujibu swali: na nani? Kauli ya kutendwa ya kitenzi cha kusababisha hudai mwapishaji hata asipotajwa. Kisha likaibuka umbo la tatu, "alijiapisha", ambalo lilienea upesi. Umbo hili linastahili kusomwa darasani. Kirejeshi -ji- kimewekwa katika nafasi ya mtendwa, kwa hiyo mwapishaji na mwapishwa wamekuwa mtu mmoja, na dhihaka yote imo ndani ya silabi hiyo moja. Mwanasheria angehitaji ukurasa mzima kueleza kuwa tendo lile halikuwa na nguvu ya kisheria, lakini msemaji wa Kiswahili alilisema kwa kiambishi. Waliomuunga mkono nao walilikwepa neno hilo kwa makusudi, wakashikilia "aliapishwa na wananchi". Pande zote mbili zilikuwa zikibishana juu ya nani yupo katika nafasi ya msababishaji.

Ndoa ina ngazi zake. Kuna oa, kuna oza, kuna ozesha. Katika matumizi ya pwani, bwana huoa, baba au walii humwoza binti yake, na kadhi au shehe huwaozesha, ingawa katika mazungumzo ya kila siku oza na ozesha hupishana bila ya watu kujali sana. Bara tumezoea zaidi funga ndoa na fungisha ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, ambayo ilikusanya pamoja sheria zilizotangulia na kutambua ndoa za aina tano, yaani ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu, imetilia mkazo fungisha kwa ile ya Kikristo: mfungishaji ni mtu aliyepewa leseni. Dola inataka kujua nani alisimama pale. Theolojia ya Kikatoliki, kwa upande wake, inasema jambo ambalo huwashangaza wengi: katika Kanisa la Kilatini wanaotoleana sakramenti ya ndoa ni bibi na bwana harusi wenyewe, naye padre hupokea ridhaa yao kwa niaba ya Kanisa. Ukilipima hilo kwa mizani ya sarufi, "walifunga ndoa mbele ya padre" ni sahihi zaidi kuliko "padre aliwafungisha ndoa". Kwenye kadi za mwaliko, hata hivyo, fungisha kinaendelea kushamiri, na sioni dalili ya kurudi nyuma.

Kutoka kusoma misa hadi kuadhimisha misa

Wazee waliobatizwa kabla ya miaka ya 1960 hawakuwa wakisema kuwa padre anaadhimisha misa. Walisema anasoma misa, na wapo wasemao hivyo hadi leo. Mtu angeweza kudhani kuwa usemi huo ni tafsiri ya Kilatini, ambacho kwa kweli kilikuwa na jina la misa ya kusomwa, tofauti na ile ya kuimbwa. Lakini tusifanye haraka. Kiswahili cha pwani kilikwishakuwa na mazoea ya kuita ibada "kusoma": maulidi husomwa, hitima husomwa, dua husomwa. Bara nako, dini mpya na kusoma viliingia pamoja hata Wakristo wa kwanza wakaitwa kwa kitendo hicho: abasomi huko Buganda, athomi kwa Wagikuyu, asomi hapa Ukambani. Katika mazingira kama hayo, mtu aliyesimama altareni akiwa na kitabu kikubwa mbele yake, akinena Kilatini huku amewapa watu mgongo, angefanya nini kingine kama si kusoma? Watu walikuwa nyuma yake wakisali rozari. Kitenzi kilieleza kilichoonekana.

Mabadiliko yalikuja na Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Hati yake juu ya liturujia, iliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963, iliruhusu lugha za wenyeji na kudai ushiriki kamili na hai wa waumini wote. Jimbo la Machakos liliundwa mwaka 1969, kwa hiyo tangu kuzaliwa kwake limeishi katika zama za liturujia hiyo mpya. Katekisimu ya mwaka 1992, katika kifungu cha 1140, imelisema wazi lililokuwa limekusudiwa: anayeadhimisha ni jumuiya yote, iliyoungana na Kristo aliye kichwa chake. Kasisi husimamia maadhimisho hayo.

Ni vigumu kupata kitenzi cha Kiswahili ambacho kingefaa zaidi kwa mafundisho hayo. Kusalisha kungemweka padre katika nafasi ya msababishaji. Kusoma kungemwacha peke yake na kitabu. Adhimisha, kama tulivyoona, kilikuwa tayari na mlango mpana, mtendaji wake ni yeyote anayekikuza kitu. Hata hivyo, kitenzi kilipoingia kanisani mlango huo ulianza kufungwa. Sikiliza matangazo: "Misa ya kwanza itaadhimishwa na Padre fulani." Waulize waumini wanaoteremka kuelekea sokoni wametoka wapi, nao watajibu kuwa wametoka misa, wamesali misa, wamehudhuria misa. Sijamsikia hata mmoja akijibu kuwa wameadhimisha misa. Nomino iliyonyambuliwa, mwadhimishaji, nayo imebanwa vivyo hivyo. Ukiisema katika umoja, kila mtu humtazama padre. Kwa maneno mengine, Kanisa lilileta kitenzi cha wote ili lisahihishe mazoea ya zamani, na mazoea ya zamani yakakimeza kitenzi. Tulibadilisha neno, tukabaki na picha ya mtu mmoja na kitabu.

Je, hili ni kosa la wasemaji? Wapo watakaosema kuwa maana ni matumizi, na kwamba kitenzi kikishatumiwa hivyo na waumini wengi, mwanaisimu hana budi kuandika na kunyamaza. Nakubaliana na kuandika. Kunyamaza ndiko kunakonitatiza, kwa kuwa wasemaji hawa hawa hawajaipoteza maana pana. Mtu huyo huyo aliyesema padre ameadhimisha misa atasema jioni kuwa jumuiya yake ndogondogo inaadhimisha sikukuu ya somo wao, na hatatafuta padre wa kumweka katika kiima. Maana zote mbili zi hai katika kinywa kimoja. Kwa mtunga kamusi, haitoshi kueleza adhimisha kwa kutaja kumbukumbu na sherehe tu. Inafaa kuonyesha kuwa pana matumizi ya kidini ambamo kiima kimefinywa, na kutoa mifano ya pande zote mbili.

Mzee wa ithembo

Mkazi wa Tala ana kipimo kingine, nacho ni lugha ya mama. Kikamba kina kitenzi kũthemba, kutoa sadaka, na nomino ithembo, mahali pa kutolea sadaka hiyo, mara nyingi chini ya mti mkubwa usiokatwa. Wanaohusika na mahali hapo huitwa atumĩa ma ithembo, wazee wa ithembo, na jina hilo huwataja kama kundi. Mvua ilipokawia, kwenda ithembo halikuwa jambo la mzee mmoja kuwafanyia wengine wakitazama. Kitenzi hiki hakina kiambishi cha kusababisha. Wazee walithemba kwa ajili ya nchi, na Kikamba huonyesha hilo kwa kauli ya kutendea, kũthembea. Kiswahili kina kutambika, ambacho nacho husimama bila msababishaji, wazee hutambika kwa ajili ya ukoo. Siupeleki ulinganisho huu mbali. Ninachosema ni kwamba wazo la ibada inayotendwa na kundi kwa ajili ya kundi kubwa zaidi halikuhitaji kusubiri meli kutoka Ulaya, na lugha ilikuwa na vitenzi vyake.

Adhimisha na sherehekea

Mchanganyo mwingine unatoka kwenye tafsiri. Kiingereza kina kitenzi kimoja kinachotosha misa, arusi na keki ya siku ya kuzaliwa. Mfasiri asiye makini hukigeuza chote kuwa sherehekea, tukapata "kusherehekea misa", na siku hizi, kwenye vijitabu vya mazishi, "kusherehekea maisha ya marehemu". Sherehekea hubeba furaha, nderemo na chakula. (Sherehe ile ya mwishoni mwa diwani za ushairi, inayofafanua maneno magumu, ina habari yake yenyewe, nayo humfurahisha mtahiniwa tu.) Adhimisha hakidai furaha. Kila tarehe 7 Agosti Wakenya huadhimisha kumbukumbu ya shambulio la bomu la mwaka 1998 jijini Nairobi. Hakuna ambaye angethubutu kusema wanalisherehekea. Ijumaa Kuu, siku ambayo Wakatoliki hawana misa kabisa, lipo adhimisho la mateso ya Bwana. Altare ni tupu, kengele ziko kimya, na bado ni adhimisho. Hiyo Ijumaa moja inatosha kumwonyesha mwanafunzi kuwa kitenzi hiki hakifungamani na misa wala na shangwe.

Kuhusu marehemu, naona kuwa "kuadhimisha maisha yake" kungemtendea haki. Kunakubali kwamba maisha yale yalikuwa na ukuu unaostahili kutajwa, na hakuwalazimishi wafiwa kuchezesha mabega kando ya jeneza.

Kigangoni, pasipo padre

Mahali ambapo tofauti hizi huacha kuwa za darasani ni kwenye vigango. Parokia moja huwa na vigango kadhaa na mapadre wachache, kwa hiyo Jumapili nyingi kigango hukutana bila padre. Katekista husimama, masomo husomwa, sala huombwa, na Komunyo hutolewa ikiwa ipo na mwenye idhini ya kuitoa yupo. Swali la mlangoni husikika kabla ya kengele: "Leo ni misa au ni ibada?" Jibu likiwa ibada, wapo wanaogeuka na kutafuta pikipiki ya kuwafikisha parokiani. Wanaobaki husema katekista "anaongoza ibada". Hakuna anayesema kuwa anaadhimisha, na kuhusu misa wana haki kabisa, kwa kuwa misa haipo.

Lakini je, hakuna kinachoadhimishwa? Mwaka 1988 Roma ilitoa mwongozo juu ya mikutano ya namna hii hii, na jina lake, likitafsiriwa, ni Mwongozo wa Maadhimisho ya Jumapili Pasipo Padre. Nomino imechaguliwa kwa uangalifu. Kinachoadhimishwa ni Jumapili, siku ya Bwana, na watendaji ni waliokuja. Kisarufi hakuna kizuizi: kiima ni watu, yambwa ni siku, sawasawa na Madaraka au tarehe 7 Julai. Katekista anabaki na kitenzi chake cha kuongoza, ambacho si kidogo, na mama aliyetembea kilomita tatu na mtoto mgongoni anapata chake. Anayeandika tangazo la kigango angeweza kuandika hivi: "Jumapili ijayo tutaadhimisha siku ya Bwana, ibada itaongozwa na katekista." Sentensi hiyo haidanganyi kuwa kutakuwa na misa, wala haimwambii yeyote kuwa anakuja kutazama.